Pono wa Buluu Hawajaisha

Msambweni, Jumatano, Oktoba 1998. Kumekucha kwa manyunyu, kisha jua likawaka kama halikuwahi kuona mvua. Kichwa changu nacho hakijui kishike lipi.

Shajara yangu, kumbe miaka yote hii nimekuwa nikimdanganya baba.

Baba alikuwa mvuvi mpaka miguu ilipomkataa. Kila jioni huniuliza kama pono wa buluu amepatikana, wale wakubwa wa zamani, mmoja tu anatosha chungu cha nyumba nzima. Nami humjibu, "Wameisha, baba." Hapa kwetu hata mtoto anajua pono ni wa aina mbili: wale wa buluu walioisha, na hawa wadogo wa kahawia ninaowakaanga mimi, mama karanga kama tunavyoitwa wakaanga samaki, na kuwauza barabarani.

Leo asubuhi nilikuwa napaa samaki magamba ufuoni, akaja msichana wa chuo anayesomea mambo ya bahari. Akasema pono hao ni samaki mmoja. Wadogo wa kahawia wengi wao ni majike, na anayeishi sana hugeuka dume, akavaa rangi ya buluu.

Nilimcheka mpaka nikaweka kisu chini. Nikamwambia labda amelala kama pono, akaota.

Hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: utotoni, nilipokuwa nikimpasulia mama samaki, niliwahi kukuta mayai ndani ya pono wa buluu?

Sijawahi. Hata mara moja.

Mayai tuliyakuta kwa wale wa kahawia, mimi na dada yangu tukiyagombania. Mikono yangu imelijua jambo hili miaka yote hiyo, kichwa hakina habari.

Basi hawajaisha, ila hakuna anayeachwa akafika umri wa kugeuka. Nyavu za mume wangu Hamisi zina matundu madogo, na ni mimi niliyemhimiza azinunue, kwa sababu wadogo ndio wanaojaza beseni langu kubwa. Lile beseni dogo la samaki wakubwa wachache siku hizi halitoki hata nyumbani.

Sielewi. Kitu kinaishaje na huku kipo? Ustadhi alitufundisha kwamba Mungu ameumba kila kiumbe kwa namna yake, nami naamini. Ya jike kugeuka dume hakutufundisha, na naona haya kwenda kumuuliza.

Jioni nilimwamkia baba, nikamwandalia chakula, nikamweleza yote. Aliitazama sahani yake, pono watatu wa kahawia.

"Subhanallah," akasema. "Kumbe hawakwenda popote, mwanangu. Tumewala utotoni mwao."

Kisha akala. Akawamaliza wote watatu, maana alikuwa na njaa, nami nikamwongeza wa nne. Nikaingia jikoni nikalia, na mpaka sasa sijui nilikuwa nikilia nini.

Nimeyaosha mabeseni yote mawili, nimeyaweka mlangoni. Nikibeba dogo kesho, itabidi nimwambie Hamisi wadogo siwachukui tena, na wanangu sijui watakula nini. Nikibeba kubwa, jioni baba ataniuliza vilevile, na safari hii sitaweza kumwambia wameisha.