Mustari ya Makumi Tatu na Munane

Jumatatu, tarehe 4 Novemba 2024

Imekataa tena. Tangu asubuhi! Programu inaingia muzuri mu ordinateur, kompyuta ya kituo yetu ya kupimia, inafunguka, unaiambia ipime jiwe, kobalti asilimia ngapi — kimya. Ni juu ya kale kafaili ka Kalonji, mwenye alitengeneza hii programu. Kukopia tu haitoshi. Lazima ile faili ijitambulishe kwa Windows, iandikishe jina yake na réglages, mipangilio yake, mu registre, daftari ya Windows, sawa mugeni anaenda kujiandikisha kwa chef de quartier. Kama haijaandikishwa, hakuna mwenye anaijua. Kalonji alikuwa anapiga ile amri kwa mukono, mashini moja moja. Sasa eko Angola, namba yake haipite tena, na code yote alienda nayo.

Leo na mi niliipiga kwa mukono. Ikatembea. Lakini ku bituo sita byenye tutafungua, nani atakumbuka kuipiga? Hakuna!

Tata Godefroid, président wa coopérative yetu, alipita ku biro mara tatu. Anasema bacreuseurs, bachimbaji betu, bamechoka, kila depo yenye kununua mawe inabapimia bibaya, banataka mashini yao wenyewe. Nani hajui? Abibu, mudogo wangu, anachimba ku Kasulo mu parcelle, kiwanja ya rafiki yake Stany. Kila mara depo inamuambia mawe yake ni takataka.

Jumatano, tarehe 6 Novemba

Kuko njia. Kuko chombo moja: inachungulia wakati faili inajiandikisha, inashika kila mustari yenye inaandika mu registre. Mi ninabeba ile mistari ndani ya installateur, programu yenye kuweka yote peke yake, na kituo kinabofya mara moja tu. Basi!

Nilijaribu ku ordinateur yangu. Ilishika sifuri. Faili ilishaandikishwa humu zamani, haikuwa na kitu mupya ya kuandika. Ya kituo nayo niliichafua Jumatatu. Zingine tano ziko Lubumbashi, zinangoja camion. Ninatafuta ordinateur yenye haina kumbukumbu, na sina.

Patron wa depo ya jirani alisikia, akacheka sana. Eti mama Siku, kuja uchukue ile ya kwetu ya zamani, ilifutwa, hatuitumikishe tena. Muntu wa roho muzuri, kumbe!

Ijumaa, tarehe 8 Novemba

IMESHIKA! Mistari makumi ine na moja!

Nilisoma kumi ya kwanza, zote sawa. Courant ya umeme ikaenda, batterie ya ile ordinateur ya depo ilibakia na dakika kidogo tu, nikahifadhi mbio mbio. Nilicheza peke yangu mu biro. Abibu alipiga simu, nikamuambia: safari hii hamuna mwenye atakudanganya. Alhamdulillahi.

Jumanne, tarehe 19 Novemba

Bituo sita bimefunguka. Tuliomba jiwe kwa batu, Abibu akatoa ya kwake. Tulilizungusha ku bituo byote. 2,4. 2,4. 2,4. Zote sita! Batu balipiga makofi. Tata Godefroid akasimama juu ya kiti, akasema mashini sita haziwezi kupatana uongo.

Abibu tu hakupiga makofi. Alikuwa anawaza jiwe yake iko na asilimia nne. Alinivuta pembeni: "Yaya, uko hakika?" Nikamukasirikia kidogo. Nikamuambia: amini, hii si ya depo, mi mwenyewe nilitengeneza.

"Basi ni mawe yetu njo mubaya," akasema. Yeye na Stany bameamua kushuka zaidi mu shimo. Kule chini, eti, kuko mawe ya muzuri.

Alhamisi, tarehe 28 Novemba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Nilikuwa ninapanga tiroir ya meza. Nikapata jiwe ya Kalonji ya kujaribia, na kikaratasi juu yake: 5,0. Nikaipima, kwa kucheza tu. 3,1. Nikapiga simu ku kituo ya pili, nikabaletea jiwe na pikipiki. 3,1.

Nikafungua ile mistari. Sikusoma kumi. Nilisoma yote. Mustari ya makumi tatu na munane: facteur, namba ya kuzidisha kila kipimo, 0,62.

Ni ya depo. Kalonji alibauzia programu ile ile zamani, na bo bakaweka facteur yao ya kupunguza. Bakafuta programu, réglages ikabakia. Faili ikajiandikisha mu ordinateur yao, ikakuta ile namba, ikaiandika. Chombo ikaishika sawa yenye niliituma kushika. Hakuna kitu kilikosea. Mi tu!

Batu balikimbia wizi, mi nikabafuatisha nayo mupaka ku mulango wao. Na jina ya coopérative juu.

Jiwe ya Abibu ni 3,9. Alikuwa na muzuri kule kule juu, ku meta makumi mbili.

Ijumaa, tarehe 29 Novemba

Nilimuambia tata Godefroid. Alikaa chini. Kisha akasema: ngoja Jumatatu, ku mukutano. Leo batu bakijua, batachoma bituo, na wewe ukiwa ndani. Si muntu mubaya. Anaogopa.

Nikaitika. Ninaandika hapa kwa sababu hakuna pahali pa kusema: niliitika! Nikaenda kula. Ugali ikapita.

Simu ya Abibu imezimwa. Mama yetu anasema bako ku meta makumi tatu na tano, na udongo kule ni laini. Mvua tangu jana.

Jumamosi, tarehe 30 Novemba

Saa tatu ya asubuhi. Ninaandika nimekaa juu ya biloba, mifuko ya mawe, mu parcelle ya Stany. Jumatatu ni mbali, nimekuja.

Stany eko juu, anashika kamba. Abibu alishuka saa kumi na mbili. Nikaita mu shimo mupaka sauti ikakauka. Stany anasema haifike, kule chini muko kona mbili. Banasemezana kwa kamba: kuvuta mara moja, kiloba imejaa. Mara mbili, muntu anapanda.

"Yaya Siku, muandikie," akasema. "Iweke mu kiloba."

Nikapasua ukurasa mu hii daftari. Nikaandika: Mashini ilikosea. Jiwe yako ni 3,9. Panda sasa. Siku.

Kiloba ikashuka tupu. Tukangoja. Kamba ikavutwa mara moja. Moja tu. Stany akavuta, mi nikasaidia, mikono imechubuka. Mawe, na karatasi yangu juu yake. Nyuma aliandika na kidole ya udongo: YAYA ULISEMA NIAMINI. INABAKIA META 2 MUPAKA KU MUZURI.

Stany alisoma, akanitazama, akatazama pembeni.

Nilipasua ingine. Niliandika yote: ordinateur ya depo, mustari, namba, ya kwamba ni mi. Ya kwamba mi njo mwongo, si jiwe yake. Nilimuomba. Kwa jina ya baba yetu nilimuomba.

Saa ine na nusu. Kamba imevutwa mara moja. Karatasi haimo. Sijui kama aliisoma, sijui kama ilianguka. Stany anapapasa mawe mu kiloba, anapapasa tena. Anasema kiloba ya kwanza ilikuja kavu.

Hii inachuruzika maji ya kule chini.

Ninapasua ya tatu. Nita—