Safari ya Kumchangamsha Mukhtar

Jumamosi, 15 Agosti 1998

Likizo! Walimu wenzangu wamelala makwao. Mimi niko Garsen ndani ya pikapu ya Thoya tangu alfajiri, nangoja askari wa kusindikiza magari wamalize chai yao. Tunakwenda milima ya Taita, kutalii, kama wazungu. Wazo la Thoya: rafiki yetu Mukhtar apelekwe penye baridi na mandhari nzuri, asahau. Asahau nini? Ng'ombe mia na kitu tu, waliokufa wote kwa ile homa iliyofuata mafuriko ya El Nino. Jambo dogo. Muorma bila ng'ombe — mwonyeshe mlima, atapona!

Tangu Januari hacheki. Ng'ombe wa jirani akipita anageuza uso. Leo mama yake kanishika mkono stendi: "Mwalimu, mimi nirudishia kijana yangu." Nikasema inshallah.

Jumapili, 16 Agosti

Tumelala Mombasa kwa shemeji ya Thoya. Kunguni wakarimu sana. Mukhtar kasema maneno matatu kutwa. Mawili yalikuwa "hapana".

Jumatatu, 17 Agosti

Mandhari! Kutoka Mwatate barabara inajikunja mpaka nikatapika dirishani. Thoya anaonyesha maporomoko ya maji kwa mikono yote miwili. "Tazameni!" Nilikuwa natazama usukani. Huku juu Wundanyi ni baridi ya kugonganisha meno, nasi tumekuja na vikoi. Ndiyo kutalii.

Mukhtar akautazama mteremko wote ule wa kijani, akafungua kinywa kwa mara ya kwanza tangu Voi: "Sasa hapa ng'ombe nalala wapi? Si taanguka?" Thoya akafurahi, eti mgonjwa kauliza swali. Mimi sikufurahi. Bado anawatafutia mahali pa kulala, na wao hawapo.

Jumanne, 18 Agosti

Tumefikia kwa mama mmoja Mtaita, mjane, shangazi ya rafiki yake Thoya. Nyuma ya nyumba ana ng'ombe mmoja mwenye mimba, ndani ya banda la mbao, analetewa nyasi na maji humo humo. Asubuhi Mukhtar kausikia mlio. Akatoka na kikombe cha chai mkononi.

"Hii naiba nini?"

Mama hakuelewa.

"Hii ng'ombe. Nafungwa kwa nini?"

Mama akaeleza kwa upole: ufugaji wa kisasa, malisho hakuna, ng'ombe kazaliwa bandani na hajatoka hata siku moja. Kisha akaenda zake sokoni. Hatujamaliza chai tukasikia mbao zinapasuka — Mukhtar kavunja mlango! Thoya alishakimbilia funguo za gari. Ng'ombe akatoa kichwa, akautazama mlima, akapiga hatua mbili, akarudi ndani mbio.

Mukhtar akacheka! Akakaa chini kwenye mavi, akacheka mpaka machozi, kisha machozi yakabaki peke yake. Thoya na mimi tumesimama kama nguzo za simu. Nilitamani kwenda kumkumbatia. Nikaenda kutafuta misumari.

Jumatano, 19 Agosti

Tunarudi leo. Yaani, tulipaswa. Mama hakuukasirikia mlango. Kasema goti lake bovu, aliyekuwa akimkatia nyasi kahamia Voi, na kijana akitaka kukaa mpaka ng'ombe azae, chumba kipo. Nilicheka. Muorma ashike panga, akate nyasi, ampelekee ng'ombe kama anampelekea mgonjwa uji? Wazee wa kwao wakisikia watamlilia kuliko walivyowalilia ng'ombe.

Naandika hapa juu ya boneti. Mizigo imepakiwa, mzigo wa Mukhtar pia. Mwenyewe anapanda mteremko na tita la nyasi kichwani. Kichwani! Na anaimba, ule wimbo wa Kiorma wa kunyweshea ng'ombe mtoni. Sijamsikia akiuimba tangu mwaka jana. 

Mama yake alisema nimrudishie kijana wake. Basi huyu hapa, nimempata. Sasa nimfunge kamba nimtupe kwenye pikapu?

Thoya anapiga honi. Nimemwita: Mukhtar, panda twende! Hakugeuka hata. Kasema ngoja, hii ng'ombe bado hajashiba.