Katuni Niliyomwekea Mama Mkwe

Ildi, nimeaibika!

Unaikumbuka ile katuni ya watu wazima tuliyoipenda chuoni? Leo baada ya supu nikamwekea mama mkwe, nikijigamba kwamba ni sanaa tupu. Kumbe nilikuwa nakumbuka muziki tu!

Dakika ya tano, malkia akavua nguo zote. ZOTE! Nikarukia rimoti.

"Zselyke, acha hapo hapo!" mama mkwe akasema. "Mbona uso umekuiva mwekundu kama paprika?"

Ildi, kumbe ujanani alifanya kazi kwenye studio iliyoitengeneza, hapa hapa Budapest!

"Makalio hayo niliyapaka rangi mimi," akasema. "Wiki tatu nzima."

Wiki tatu, Ildi! Makalio!

Halafu akacheka mpaka machozi: "Marehemu mama yangu alikufa akiamini nachora sungura."