Leo Miti Iko Rangi Gani?

Rebero, kilimani juu ya mji, Jumamosi. Mvua ilinyesha usiku, leo jua kali, na mimi sina hamu hata ya chai.

Mikaratusi sita iliyokuwa ng'ambo ya ua wetu imekatwa. Yote.

Mwaka wa mwisho wa maisha yake, macho ya mama yalipofuka. Kila asubuhi nikimfungulia dirisha aliuliza, "Leo miti iko rangi gani?" Nami, mchoraji mzima, nilimjibu kijani, nikarudi kwenye simu yangu. Hakulalamika. Kesho yake aliuliza tena.

Alipokufa sikushika brashi miaka miwili. Miezi miwili iliyopita nikaanza kumjibu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikaa barazani na turubai, maana mwanga ninaoutaka haukai hata nusu saa: magome yanakuwa ya waridi, vivuli vinaingia zambarau, majani ya juu yanashika rangi ya chungwa. Sichori jani mojamoja. Naweka rangi mabakamabaka. Ukisimama karibu huoni mti, ukirudi nyuma hatua tano ndipo unauona.

Papa Aline, jirani yangu, alisimama karibu.

Kumbe siku moja alichungulia nilipoingia jikoni kuinjika maji. Akaona chungwa na zambarau, akadhani ni mapaa ya nyumba kule bondeni. Akamwonea huruma dada wa watu anayeutafuta mji nyuma ya miti.

Kibali cha kuikata kilikuwepo tangu zamani, kwa sababu ya nyaya za umeme. Basi leo kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, sisi tukiwa chini tunazibua mitaro, yeye na wenzake walianza na miti. Nilisikia misumeno, wala sikujali.

Nilipopanda kurudi nyumbani nilimkuta ananisubiri, shati limelowa jasho, anatabasamu.

"Niliona mapaa kwenye picha yako. Mji iko inaonekana yote sasa, dada. Ile miti ilikuwa inakuziba."

Nilisema murakoze, yaani asante, nikarudia tena murakoze, nikaingia ndani nikalia. Nina hasira naye, na sina haki nayo. Mimi ndiye niliyegeuza turubai ukutani kila alipopita mtu, nikiona aibu kusema nachora nini na kwa ajili ya nani. Mficha uchi hazai.

Upande wa kushoto wa turubai bado ni mweupe. Imebaki miti miwili na vivuli vyake. Jioni hii nimechanganya zambarau mara nne, na hakuna hata moja niliyoiamini. Naogopa. Kama sitaimaliza, mama atakuwa ameuliza bure mwaka mzima.

Nimefumba macho niikumbuke. Nimejiuliza swali lake, kwa sauti, kama alivyokuwa akiuliza.

Jibu lililonijia ni lilelile. Kijani.