Betri za Kisomo cha Ntobeye

Jumanne, 17 Oktoba 1978
Kisomo cha watu wazima saa kumi. Redio ikasema "shikamooni wazee," mzee Evaristi akaitikia marahaba, kama kila wiki. Nimechoka kumweleza kwamba haimsikii.

Leo nimewakumbuka wale vijana wa kampuni ya redio. Agosti mwaka jana waliacha kiwanda chao Dar wakaja kujitolea wiki mbili. Mikono laini! Matofali yao yaliyopinda nayaona ukutani kila siku. Lakini darasa hili walijenga wao, na redio wakatuachia. Fundi wao Ngeleja aliwafungulia kina mama redio, akawaonyesha vya ndani kimoja kimoja. Jioni viazi, maharage, vicheko. Zilikuwa siku tamu, jamani.

Ijumaa, 3 Novemba
Vita. Mgambo wetu wanaondoka kesho — Novatus, mume wa Deodata, yumo. Deodata kaja kisomo vilevile. Kasema akiandikiwa barua ataisoma mwenyewe, mambo ya mumewe hayapiti kwanza mdomoni mwa mtu. Huyo mtu ndiye mimi, ninayewasomea wote barua zao!

Jumanne, 14 Novemba
Mwenyekiti Ansbert anataka habari za vita asubuhi, mchana, usiku. Betri zinafifia. Tunazianika juani, lakini wapi. Duka la ushirika halina. Kampuni iliahidi kutuletea nyingine Desemba, sasa malori yote yako vitani.

Leo darasani nikamwambia mwenyekiti tuchague, habari au kisomo. Akasema kisomo kitangoja. Deodata akasimama. "Shikamoo Mwenyekiti. Kwangu mimi vita ni barua." Mwenyekiti akakuna kichwa. Tumekubaliana: habari ya saa mbili usiku tu, na kisomo.

Jumanne, 12 Desemba
Redio imekufa katikati ya somo. Tukakaa tunaitazama. Ngeleja angekuwepo angetutania, halafu angetafuta njia. Deodata akaenda ubaoni, akaendelea pale sauti ilipokatikia, tena kwa maringo ya mtangazaji. Tumecheka sana. Nyumbani nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Ijumaa, 19 Januari 1979
Barua imefika. Si mwandiko wa Novatus, ni wa mashine. Deodata kaileta darasani kabla wenzake hawajaja, kaifungua mbele yangu. "Mwalimu, usinisaidie."

Macho yangu yana mbio, sikuweza kuyazuia. Nilishafika chini kwenye sahihi.

Naandika hapa mezani nisimtazame. Nikimnyang'anya, hatanisamehe. Nikinyamaza — Mungu wangu. Jina la Novatus amelisoma vizuri, kacheka. Sasa yuko mstari wa pili, kidole kwenye karatasi. Tu. Na. Si. Ki. Ameinua uso, ananiambia neno hili ni refu, nisubiri tu, atalimaliza