Bomba Langu Ndilo Lililoijibu Radi

Chanika, Jumanne, katikati ya masika.

Tangu saa nne asubuhi wingu limekaa upande wa Kisarawe na halisogei. Upepo hakuna. Kuku wa jirani wameingia bandani wenyewe mchana kweupe. Miguu yangu imevimba hadi magotini na nikilala chali sipati pumzi, kwa hiyo naandika nimekaa, simu juu ya mto.

Daktari hakunificha. Moyo umechoka. Alitaja wiki, hakutaja miezi.

Mnaosoma blogu hii mmezoea niandike habari za mihogo yangu na wanafunzi wa zamani. Leo naandika habari za mwanamke aliyekufa kwa uzembe wangu, na mwingine niliyemwacha afukuzwe kwa ajili hiyo.

Juzi Jumapili alikuja mjukuu wangu Tumaini. Kazi yake ni kuchunguza radi. Yeye na wenzake wana kamera inayopiga maelfu ya picha katika sekunde moja. Alinionyesha kwenye kompyuta yake radi ambayo kwa macho yetu ingepita kufumba na kufumbua. Pale ilichukua karibu dakika nzima.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na sikuwahi kuiona radi ikitembea. Ubaoni niliichora kama mshale: wingu juu, ardhi chini, mstari katikati. Kumbe kutoka mawinguni hushuka kwanza uzi hafifu wa mwanga, nao hauji moja kwa moja. Unapiga hatua, unasita, unapiga nyingine, unagawanyika matawi, na kila tawi linapapasa hewa kama kipofu anayetafuta mlango. Tumaini anauita kitangulizi. Matawi mengi yanafia hewani.

"Babu, usiangalie juu," akasema. "Angalia huku chini."

Kitangulizi kilipokaribia ardhi, vitu vya chini vikaanza kuamka. Kwenye ncha ya mnara wa simu, kwenye kona ya paa, juu ya mti mrefu, kila kimoja kilitoa kijiuzi chake cha mwanga kwenda juu. Kijiuzi cha mnara kikakutana na tawi moja la kitangulizi. Njia ikakamilika, umeme wote ukapita hapo, na kioo cha kompyuta kikawa cheupe.

"Kule mawinguni haijaamuliwa itapiga wapi," alisema Tumaini. "Inaamuliwa hapa mwishoni, kutegemea nani amejibu."

Nikamwomba aizime. Alidhani ni macho yananiuma.

Miaka ishirini na sita iliyopita Chanika haikuwa na umeme. Nilikuwa na televisheni ndogo ya betri ya gari, na ili nipate mawimbi ya mjini niliunga mabomba mawili ya chuma, nikasimamisha antena juu kuliko mnazi wowote wa hapa. Watu walijaa uani kwangu kutazama mpira. Nilijiona mtu mkubwa.

Jirani yangu Chilumba na mkewe Asha walitokea Newala. Asha alikuwa na ulimi. "Mwalimu," aliniambia, "ukiendelea kuurefusha huo mlingoti utawachoma malaika makalio." Siku nyingine aliniomba afunge waya wa kuanikia nguo, kutoka kwenye bomba langu hadi nguzo ya kibaraza chake. Nilikubali. Nilimfungia mwenyewe, kwa koleo.

Mwalimu wa fizikia.

Mvua zilipoanza, Bi Somoe, ajuza wa nyumba ya tatu, alikuja kuniambia nilishushe lile bomba. Yeye kila ngurumo ilipoanza alifunika kioo kwa kanga na kuvua chochote chekundu. Nilimcheka mbele ya watu. Nikamwambia radi haina macho ya kuona kanga. Hilo nililijua. La bomba pia nililijua, ila kulikuwa na mechi Jumamosi.

Ijumaa hiyo mchana wingu lilikaa kama lilivyokaa leo. Asha alitoka mbio kuanua nguo. Alikuwa ameshika waya kwa mikono miwili.

Walipomkimbiza zahanati kwa baiskeli, mimi sikwenda. Nilikata waya. Nililishusha bomba, ncha yake imeungua nyeusi, nikalitumbukiza kwenye shimo la choo. Waliporudi na maiti, aliyeuliza nilimwambia upepo umeliangusha.

Juma hilohilo Asha na Bi Somoe walikuwa wamegombana, kuku wa Asha wamekula mchele alioanika Bi Somoe. Bi Somoe alisema, "Mungu anakuona." Maneno ambayo kila mtu huyasema. Baada ya mazishi yakawa ushahidi: katuma radi.

Mwenyekiti aliitisha watu. Akanigeukia. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Radi inaweza kutumwa?"

Bi Somoe aliniangalia. Nadhani alifurahi kwamba nimeulizwa mimi.

Nikajibu, "Sayansi haijui kila kitu."

Usiku ule nyumba yake ilichomwa. Aliondoka na mkeka na nguo alizovaa, akaenda kwa binti yake Temeke, na hajarudi. Hadi leo kijiwe cha bodaboda mbele ya kiwanja chake kinaitwa Kwa Mchawi. Nami nimeshuka hapo mara nyingi, nikamtajia dereva jina hilohilo.

Kwa nini sikusema? Mwanzoni niliogopa jela. Baadaye ilikuwa Chilumba. Hakuoa tena. Tangu mke wangu afariki ananiletea uji kila asubuhi, ananishika kwapani na kunitoa nje nipate hewa. Nikimwambia, nani ataniinua?

Leo asubuhi nimemwambia. Lote, kuanzia koleo.

Hakupiga kelele. Alikaa ameishika chupa ya uji aliyoniletea. Kisha akauliza, "Mwalimu, bomba lilikuwa wapi miaka yote hii?"

"Chooni kwangu."

"Na mie kiberiti nilikinunua dukani kwa Mpemba," akasema. "Mie ndiye niliyeichoma nyumba ile. Nilijua nimemlipia Asha."

Akaondoka, na chupa yake. Sikujua. Namwapia Mungu sikujua kama ni yeye. Nilitaka kuutua mzigo kabla sijafa, nikautua kichwani kwa mtu aliyenilisha miaka tisa.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Hakuna aliyenitoa nje. Ngurumo zimeanza, bado mbali, na nazihesabu kama nilivyowafundisha watoto, kutoka mwanga hadi sauti. Zinasogea.

*

Saa kumi na moja jioni. Nilikuwa nimeishia pale juu. Chilumba amerudi, ameloa, amevaa koti lake la msibani. Hakuketi.

"Unaandika nini humo?"

Nikamwambia.

"Andika na langu. Usinifiche."

Nimeliandika, mmelisoma.

Amempata dereva wa bajaji, tunaondoka kesho saa kumi na mbili alfajiri kwenda Temeke. Bi Somoe yu hai. Haoni tena, ila binti yake amemwambia kwenye simu kuwa masikio ni mazima. Chilumba amesema kila mmoja ataongea kwa kinywa chake, mimi kwanza, kwa kuwa mimi ndiye niliyeulizwa siku ile.

Nikamwambia daktari amenikataza safari.

"Usife leo, Mwalimu," akasema. "Ukifa leo, nitakupakia kwenye bajaji hivyohivyo."

Hakucheka. Wala hakunigusa. Uji ameuacha mlangoni, mahali ambapo lazima nisimame mwenyewe kuufuata.

Kesho sijui kama Bi Somoe atatufungulia. Angekuwa na haki asitufungulie. Usiku huu nina kazi moja tu, kuamka.