Mume Wangu Amekaa Upande wa Pili wa Kesi ya Shule Yetu

Mpendwa mshauri, Mama Nyakerario, naomba msaada wako kabla sijafungua mdomo nikaharibu shule na ndoa kwa mara moja. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ndogo huku upande wa Kedowa, shule tuliyoanzisha na wazazi, wengine wakulima wa majani chai na wengine watu wa kutoka ziwani kama mimi, ambao wazazi wetu walikuja kuchuma majani wakabaki, kwa sababu shule ya serikali iko ng'ambo ya mto na mvua ikinyesha watoto wadogo hawavuki. Tuliomba kusajiliwa tukakataliwa, tukaomba tena tukakataliwa, na kila tukiuliza kosa letu ni nini tunaambiwa tu hatujatimiza masharti, masharti gani, hakuna anayesema. Bila usajili watoto wetu wanafanya mtihani wa taifa kwa jina la shule jirani, na mwaka jana mwanafunzi wetu Calvince alipowashinda wote, shule jirani ndiyo iliyombeba mabegani ikiimba mpaka sokoni, na sisi tuliomfundisha tukasimama kando ya barabara tukipiga makofi kama wageni. Siku hiyo wazazi walisema, twende kortini.

Sasa shida yangu, Mama. Kesi ikiwa katikati, mume wangu Johana, ambaye ni mkaguzi wa shule, alihamishwa kutoka Bomet akaletwa ofisi ileile ya elimu tuliyoishtaki. Nyumba moja, pande mbili! Siku ya uamuzi tulipanda pikipiki yake pamoja hadi Kericho kwa kuwa pikipiki ni hiyo moja, na tulipokaribia korti akaniambia, "Mama Nelvine, shukia hapa kwa kona watu wasituone," kumbe mkubwa wake amesimama hapo hapo kwa kona ananunua njugu, akatusalimia sote wawili kwa majina. Ndani mimi nikakaa na wazazi, yeye akakaa na ofisi, na jaji aliposema kwamba ofisi haiwezi kukataa bila kutoa sababu, kwamba ije ikague upya na ijibu kwa maandishi, nilipiga kigelegele mpaka nikaonywa, nikageuka kumtafuta mume wangu nimkumbatie, nikamwona ng'ambo ya chumba amekumbatia faili za ofisi, ameuma midomo asicheke.

Tulifurahi hadi juzi, wakaguzi walipotajwa, na mmoja wao ni Johana. Sasa kila mtu ananifuata. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Opondo, ameniambia, "Madam, hiyo serikali si unakula nayo ugali kila siku? Si umwambie tu!" Mama mkwe wangu, Kogo, anasema mwanawe akija kukagua nimchinjie kuku mbele ya wenzake. Na kibaya zaidi, jana jioni tukikamua ng'ombe, Johana mwenyewe akaanza, "Mama Nelvine, ile jikoni yenu ya shule..." halafu akainama kwa ndoo, akasema, "Hapana. Sijasema kitu." Tangu hapo sina amani. Nimuulize amalize hayo maneno, au ninyamaze tukataliwe tena? Nampenda mume wangu na naipenda shule, nisaidie nisipoteze hata kimoja.

Ni mimi, Jentrix Aoko.

MAMA NYAKERARIO ANAJIBU

Jentrix mwanangu, nimecheka mpaka chai ikanipalia. Halafu niliposoma mara ya pili, nikakasirika kidogo, kwa hivyo kaa chini.

Mlienda kortini kwa sababu gani? Kwa sababu mambo yenu yalikuwa yakiamuliwa gizani bila maelezo. Jaji amewapa haki yenu, na sasa mnataka mambo yaamuliwe jikoni kwako! Mkipitishwa na mumeo, yeyote asiyewapenda ataenda korti ileile aseme mwalimu mkuu alikaguliwa na baba ya mtoto wake, na usajili wenu utafutwa. Johana naye atapoteza kazi. Hicho ndicho Mzee Opondo anachokutakia? Mwambie Mama Nyakerario amesema akome.

Leo hii, kabla ya chakula, mwambie Johana ajitoe kwenye hiyo timu kwa maandishi. Mkubwa wake aliwaona kwenye pikipiki moja, hatashangaa. Johana akiona haya, wakili wenu amwambie wakili wa ofisi, wazi wazi. Na mpaka ukaguzi uishe na majibu yaje, habari ya shule isitajwe nyumbani kwenu, si mezani, si kwa ng'ombe. Kuku wa Kogo abaki hai.

Kuhusu jikoni, usimuulize mumeo neno. Wewe huna macho? Nenda usimame mlangoni watoto wanapopikiwa githeri, utazame moshi unaingia darasa gani. Kisha waite wazazi Jumamosi waje na majembe na mabati. Na usikae unangoja kukataliwa: kagua shule yako mwenyewe kwa ukali kuliko serikali.

Kisha mpende mume wako. Mtu anayeuma midomo ili asicheke ushindi wako mbele ya mkubwa wake si wa kuchezewa. Hata hayo maneno aliyoyameza pale kwa ng'ombe, aliyameza kwa heshima yako. Usimlazimishe ayateme.

JENTRIX AMENIANDIKIA TENA

Mama, asante kwa kunigombeza. Johana alijitoa kesho yake, na alionekana kama mtu aliyetuliwa gunia la majani mgongoni. Jikoni tuliihamisha upande wa chini, Mzee Opondo mwenyewe akipigilia misumari huku akinung'unika. Walikuja wakaguzi wawili tusiowajua. Mmoja, Madam Mellen, alisema milango ya madarasa inafungukia ndani, na watoto wakikimbia kwa hofu watabanana. Hakuna aliyewahi kufikiria hilo. Tukaigeuza yote, akarudi kuitazama, akaondoka bila kucheka wala kununa.

Muda huo wote nyumbani kwetu tuliongea habari za mvua tu. Juzi tukiwa tunakula, simu yangu ikalia, nikaona ni ofisi ya elimu. Johana akainuka, akachukua sahani yake akatoka nje, akafunga mlango asisikie. Niliposikia neno "imesajiliwa" nilipiga kelele mpaka mwanetu Nelvine akaanza kulia kwa kudhani kuna nyoka.

Halafu nikasikia mtu anagonga dirisha taratibu. Ni Johana, ameegemea ukuta na sahani mkononi, mvua inamnyeshea kichwani.

"Mama Nelvine," akasema, "sasa naruhusiwa kujua?"

Nikamfungulia mlango.